Masuria Waliobaki Ndani ya Kasri Baada ya Enzi ya Qing Kuanguka

Tarehe 12 Februari 1912, Malkia Mjane Longyu, mjane wa Kaizari Guangxu, alitoa tangazo la kumwondoa madarakani Kaizari Puyi, mtoto aliyekuwa ametimiza miaka sita siku chache tu zilizotangulia, na kwa tangazo hilo enzi ya Qing, iliyotawala kutoka Beijing tangu mwaka 1644, ikafikia kikomo. Tangazo lilifuatana na makubaliano kati ya jamii ya kifalme na Jamhuri mpya. Kaizari angebaki na cheo chake, angelipwa taeli milioni 4 za fedha kila mwaka (taeli ni kipimo cha kale cha uzito wa fedha), angeendelea kwa muda kuishi katika Kasri la Kifalme la Beijing kisha ahamie Kasri la Majira ya Joto, na watumishi wake wangebaki kazini, isipokuwa matowashi wapya wasingeruhusiwa kuajiriwa. Makaburi ya mababu yalitajwa, walinzi walitajwa, mali binafsi ya Kaizari ikatajwa. Masuria wanne wajane waliokuwa wakiishi ndani ya kuta zile hawakutajwa popote.

Jambo hilo limenikaa moyoni kwa muda mrefu. Historia ya kuanguka kwa Qing husimuliwa kupitia majenerali, wanamapinduzi na yule mtoto kwenye kiti cha enzi, na masuria wakitajwa, hutajwa kama vikongwe wabishi waliong'ang'ania mila zilizokwisha kufa. Nadhani tunawaonea. Walikuwa watu ambao cheo chao, chakula chao na hata majina waliyoitwa vilitoka kwenye dola moja tu, na dola hiyo ilipoondoka hakuna aliyewauliza waende wapi.

Ni kweli kwamba enzi zilizotangulia ziliwatendea vibaya zaidi. Mwaka 589, majeshi ya enzi ya Sui yalipoiteka Jiankang, mji ambao leo ni Nanjing, mtawala wa mwisho wa enzi ya Chen alijificha kisimani pamoja na masuria wake wawili. Walipovutwa juu, yeye aliachwa hai, lakini suria wake mpendwa Zhang Lihua alikatwa kichwa. Dada wa mtawala huyo aliyeshindwa akaingizwa katika nyumba ya Kaizari wa Sui na kuwa suria wake. Mwaka 1127, Wajurchen, watu wa kaskazini-mashariki, walipouangusha mji wa Kaifeng, waliondoka na makaizari wawili wa enzi ya Song pamoja na wake zao, masuria wao na mabinti zao, wakawapeleka kaskazini kama sehemu ya ngawira. Na mwaka 1644, usiku ule Kaizari wa mwisho wa enzi ya Ming aliyetawala Beijing alipojua kuwa mji umekwisha, alimtaka malkia wake ajiue, naye akajiua, kisha akamkata mkono binti yake kwa upanga kabla ya kwenda kujinyonga mwenyewe. Ukilinganisha na hayo, mwaka 1912 ulikuwa wa huruma. Dola ilianguka kwa kalamu na muhuri, na wanawake wake wakaachwa pale walipokuwa.

Wasomaji wanaoijua historia ya Zanzibar wanawajua masuria wa masultani wa Kibusaidi, ambao wengi wao walikuwa wanawake walionunuliwa utumwani. Masuria wa Qing walitoka upande mwingine kabisa. Mabinti wa jamii za Bendera Nane, yaani Wamanchu, Wamongolia na Wachina waliounda jeshi la enzi hiyo, walipaswa kupelekwa kasrini kukaguliwa kabla ya familia zao kuruhusiwa kuwaoza, na ukaguzi huo ulifanyika kila baada ya miaka mitatu. Waliochaguliwa waliingia katika ngazi yenye malkia juu na daraja saba za masuria chini yake, kila daraja ikiwa na kiwango chake cha fedha, vitambaa, nyama, mishumaa na makaa ya kuotea moto. Baba angeweza kuwa waziri au mwanachuoni mkubwa, lakini binti yake akishaingia kasrini hakurudi nyumbani. Kaizari akifa, mjane wake aliingia katika eda isiyo na mwisho.

Wajane watatu kati ya wale wanne walikuwa wa Kaizari Tongzhi. Waliingia kasrini mwaka 1872 wakiwa wasichana, na mume wao akafa Januari 1875 akiwa na miaka 18 tu. Baadaye walikuja kujulikana kwa majina ya heshima ya Jingyi, Zhuanghe na Ronghui. Zhuanghe alikuwa shangazi wa malkia wa Tongzhi, kwa hiyo shangazi na mpwa walikuwa wameolewa na mume mmoja katika msimu mmoja, na mpwa huyo alifariki takriban miezi miwili na nusu baada ya mumewe. Wa nne alikuwa Duankang, suria wa Kaizari Guangxu aliyetawala baada ya Tongzhi, na alikuwa mdogo kwa wenzake kwa zaidi ya miaka 15. Mambo haya yakitajwa haraka haraka huonekana madogo. Lakini tafakari maana yake: mwanamke anafiwa kabla hajafikisha miaka 20, haruhusiwi kuolewa tena, haruhusiwi kurudi kwa wazazi wake, hana mtoto, na anabaki katika ua uleule kwa nusu karne, zaidi ya miaka 30 ya hiyo akimhudumia mama mkwe, Malkia Mjane Cixi aliyeishika dola, ambaye hamhitaji kwa lolote.

Longyu alipokuwa hai, masuria hao watatu wa Tongzhi waliwekwa pembeni kabisa. Yeye ndiye aliyekuwa mama rasmi wa Kaizari mtoto, na hakupenda kushirikiana na mtu katika heshima hiyo. Alifariki Februari 1913, mwaka mmoja baada ya tangazo lile, na hapo ndipo wajane wanne walipoungana na kuwataka wakuu wa jamii ya kifalme watambue nafasi yao. Walishinda. Walipewa vyeo vipya, na Puyi akatakiwa kuwaita wote wanne mama. Wapo wanaoona kituko katika wanawake kugombea vyeo vya dola ambayo tayari haipo. Mimi naona watu waliotafuta njia pekee ya kutopotea, kwa sababu ndani ya kasri mtu asiye na cheo hakuwa na jiko, hakuwa na watumishi, na hakuwa na sauti pale mambo yake mwenyewe yalipoamuliwa.

Maisha yaliyofuata ni mojawapo ya sehemu za ajabu kabisa katika historia ya China. Nje ya malango kulikuwa na jamhuri, bunge, magazeti na wanafunzi waliokata mikia ya nywele. Ndani, kalenda ya wafalme iliendelea, na kila asubuhi mtoto alibebwa kwenye machela hadi kwa mama mmoja baada ya mwingine, akapiga magoti, akaulizwa kama amelala vizuri, akaambiwa avae nguo nzito kwa sababu kuna baridi, pengine akapewa mwanasesere wa udongo, kisha akaondoka. Puyi mwenyewe alikuja kusimulia kuwa alikuwa na mama wengi na hakuwahi kuyajua mapenzi ya mama. Upendo wao ulipitia jikoni. Chakula kilichopikwa na jiko kuu la Kaizari kilikuwa cha maonyesho tu. Kilipikwa mapema, kikawekwa motoni kwa saa nyingi, kisha kikapangwa mbali mezani ambako hakuna mkono uliokifikia. Alichokula hasa kilitoka kwenye majiko ya wajane, kila mmoja akileta kama sahani ishirini. Baada ya kila mlo, towashi alikwenda kupiga magoti mbele yao na kuripoti kwamba bwana wa miaka elfu kumi, yaani Kaizari, amekula bakuli moja la wali, mkate mmoja wa mvuke au chapati moja, na bakuli moja la uji, na amekula kwa hamu. Ripoti ilikuwa ileile kila siku, hata kama mtoto hakugusa kitu.

Gharama yake ilikuwa kubwa. Hesabu za jikoni za mwezi mmoja wa mwaka 1910 zinaonyesha kuwa Longyu, masuria wanne na mtoto wa miaka minne waliandikiwa zaidi ya kilo 2,000 za nyama, na kuku na bata 388. Hakuna watu sita duniani wanaoweza kula kiasi hicho. Nyingine ilikwenda kwa watumishi, nyingine ikaibwa, na matowashi wengi wakajenga nyumba na kufungua maduka mjini kutokana na riziki hiyo. Jamhuri nayo haikulipa zile taeli milioni 4 kikamilifu, hivyo vyombo vya dhahabu na michoro ya kale vikaanza kutoka kwenda benki na kwa wauza vitu vya kale.

Baada ya Longyu, aliyeshika hatamu za ndani alikuwa Duankang, ingawa ndiye aliyekuwa mdogo kuliko wote kwa umri. Alikaa katika Kasri la Yonghe, na alijaribu kumlea Puyi kwa mkono uleule ambao Cixi alikuwa ameutumia kwa Guangxu. Huyu ndiye mwanamke ninayepata shida kumhukumu. Alikuwa na mdogo wake, suria Zhen, ambaye aliingia naye kasrini na ndiye Guangxu aliyempenda. Agosti 1900, majeshi ya mataifa manane ya kigeni yalipokuwa yakiingia Beijing, Zhen alikufa kisimani katika pembe ya kaskazini-mashariki ya kasri, na matowashi walisimulia baadaye kuwa alitupwa humo kwa amri ya Cixi. Mwili wake ulitolewa mwaka uliofuata. Nilipokwenda kukiona kisima hicho nilishangaa jinsi jiwe la mdomo wake lilivyo dogo. Lina tundu ambalo mtu mzima hawezi kudhani kwamba mwili ungepita, na juu yake kuna chuma kilichofungwa kukatiza. Karibu yake kuna chumba kidogo, na hicho ndicho Duankang alichokifanya kuwa mahali pa kumkumbuka mdogo wake, baada ya wakubwa wote waliohusika kufa. Alikuwa amesubiri zaidi ya miaka kumi kuweza kuomboleza waziwazi.

Mwanamke huyohuyo, mwaka 1921, alimfukuza tabibu mmoja wa kasri bila kumshirikisha Puyi, ambaye sasa alikuwa na miaka 15 na alikuwa ameanza kuchoka kuamrishwa. Kijana alikwenda kumfokea. Duankang hakumwadhibu yeye. Aliwaita bibi wa Puyi na mama mzazi wa Puyi, Youlan, akawakaripia hadi wakapiga magoti na kumsihi mbele ya watumishi. Youlan alikuwa binti wa Ronglu, mmoja wa watu wenye nguvu kuliko wote katika zama za Cixi, na hakuwa amezoea kudhalilishwa. Alirudi nyumbani kwake, akameza kasumba, akafa tarehe 30 Septemba 1921. Kwa muda mrefu Puyi alifichwa chanzo cha kifo hicho. Naelewa Duankang alijifunzia wapi ukali ule, na kuelewa huko hakumwondolei Duankang dhambi ya kifo cha mama wa watu.

Hao ndio wanawake waliokaa mwaka uliofuata kumchagulia Kaizari asiye na dola mke na suria. Picha za wasichana wanne zilipelekwa kwa Puyi, naye akatakiwa kuchora duara kwenye ile aliyoipenda. Alisimulia kwamba nyuso zilikuwa ndogo mno hata hakuweza kuzitofautisha, na miili yote ilionekana kama mabomba ya karatasi, kwa hiyo alitazama urembo wa nguo tu. Duara lake la kwanza liliangukia kwa Wenxiu, msichana wa ukoo wa Kimongolia wa Erdet, ambaye aliungwa mkono na Jingyi. Duankang akakataa, familia ile ilikuwa imefilisika na msichana hakuwa mzuri wa sura, alidai, na mtu wake alikuwa Wanrong, binti wa tajiri. Puyi akachora duara la pili. Hapo Ronghui akatoa hoja iliyofunga maisha ya mtoto wa watu: kwa kuwa Kaizari ameshaigusa picha ya Wenxiu kwa kalamu yake, binti huyo hawezi tena kuolewa na raia wa kawaida, kwa hiyo na achukuliwe awe suria.

Wenxiu alizaliwa Desemba 1909, akaingizwa kasrini tarehe 30 Novemba 1922, siku moja kabla ya harusi ya malkia, kwa sababu desturi ilitaka suria awepo kumpokea aliye juu yake. Alikuwa hajatimiza miaka 13. Wajane walimfanyia mtoto huyo kile ambacho wao wenyewe walifanyiwa miaka 50 kabla, na walikifanya bila chuki, wakiamini wanamtendea haki. Kwangu hilo linatisha zaidi kuliko ukatili wa Cixi.

Wenxiu alikuwa ameshapita shule ya msingi kabla ya kuchukuliwa, na kasrini aliendelea kusoma na walimu. Maandishi yake machache yamebaki, na mojawapo ni insha fupi ambayo naiweka juu ya mashairi mengi ya kasri yaliyosifiwa. Anaeleza kuwa siku moja ya majira ya machipuko, bustani ikiwa imejaa wekundu na kijani, alikuwa akitembea, akaegemea mti kupumzika, mara akasikia kulungu wa bustani akilia. Akainama kumtazama, akamkuta yu karibu kufa. Anakiri kuwa kulungu huyo amebahatika, kwa kuwa analishwa kwa neema ya Kaizari na uhai wake umehakikishwa. Kisha anageuza: mnyama wa porini hafugwi nyumbani, naye yumo bustanini kama mfungwa gerezani, hatoki mpaka apate msamaha. Anamalizia kwa kumkumbuka mwanafalsafa Zhuangzi, aliyesema kuwa ni heri kobe aliye hai anayeburuta mkia wake matopeni kuliko kobe aliyekufa ambaye mifupa yake inatukuzwa. Ni msichana mdogo aliyeandika hayo, ndani ya kasri ambalo kila mtu alimwambia ashukuru kuwamo.

Msamaha ulikuja kwa bunduki. Oktoba 1924 Jenerali Feng Yuxiang aliiteka Beijing, na tarehe 5 Novemba maofisa wake waliingia kasrini na makubaliano mapya: cheo cha Kaizari kimefutwa, malipo yameshushwa hadi yuan 500,000 kwa mwaka, na familia iondoke. Puyi, Wanrong na Wenxiu waliondoka mchana uleule. Jingyi na Ronghui waligoma. Zhuanghe alikuwa amefariki mwaka 1921, na Duankang alifariki Septemba hiyohiyo ya 1924, jeneza lake likiwa bado limo kasrini. Wajane wawili waliobaki walisema wako tayari kujiua kuliko kutoka. Hadi siku ile walikuwa wamekaa humo miaka 52. Waliondoka tarehe 21 Novemba, baada ya jeneza la mwenzao kutolewa, wakahamia katika nyumba moja mjini, ambako Jingyi alifariki mwaka 1932 na Ronghui mwaka 1933. Tarehe 10 Oktoba 1925 malango yalifunguliwa kwa umma na kasri likawa makumbusho.

Huko katika mji wa Tianjin, alikohamia Puyi mwaka 1925, hakukuwa na ua mia za kumficha mtu asiyependwa. Waliishi katika nyumba ya kawaida ya kitajiri, na Wenxiu alikaa chumbani kwake akipuuzwa na mume na malkia kwa pamoja. Tarehe 25 Agosti 1931 aliaga kuwa anatoka kutembea na mdogo wake. Gari likawapeleka hotelini, mawakili wakiwa tayari wanawasubiri, na towashi aliyefuatana nao akarudishwa peke yake na barua. Magazeti yalilipuka. Miezi michache tu kabla, mwezi Mei, sehemu ya sheria mpya ya kiraia ya Jamhuri inayohusu familia ilikuwa imeanza kutumika, na katika sheria hiyo suria hakuwa mke. Puyi, ambaye aliogopa kuitwa mahakamani kuliko kitu kingine chochote, alikubali kuelewana na mawakili.

Binamu mmoja wa Wenxiu alimshambulia gazetini. Alimkumbusha kwamba ukoo wao ulikuwa umepokea fadhila za Qing kwa zaidi ya miaka 200, na kwamba hata kama angeteswa, wajibu wake ulikuwa kuvumilia hadi kufa. Wenxiu alimjibu hadharani. Alisema kuwa kwa mujibu wa katiba raia wote ni sawa mbele ya sheria bila kujali jinsia, kabila, dini wala tabaka. Kwamba amekaa peke yake kwa miaka tisa bila kutendewa kwa usawa. Na kwamba alichokifanya ni kuwaagiza mawakili wajadili namna ya kutengana. Nimetafuta katika karne zote za makasri ya China suria mwingine aliyemjibu mtu kwa kifungu cha katiba, na sijampata.

Mwezi Oktoba walikubaliana yuan 55,000, kwa sharti kwamba asiolewe tena. Puyi akatoa amri ya kumvua cheo na kumrudisha kuwa mtu wa kawaida, amri ambayo haikuwa na nguvu yoyote kisheria, na kabla ya katikati ya Novemba alikuwa ameshaondoka kisiri kwenda Manchuria kuwatumikia Wajapani. Wanrong alimfuata, akazama katika kasumba, akafa kizuizini huko Yanji mwaka 1946. Wenxiu alirudi Beijing, akafundisha shule kwa muda, akaziona fedha zake zikiyeyuka, akaishi umaskini wakati wa vita, na mwaka 1947 akaolewa na ofisa wa jeshi. Alifariki mwaka 1953, akiwa na miaka 43, katika chumba kidogo cha kupanga.

Puyi alichukua suria wa mwisho mwaka 1943, wakati Wajapani walipokuwa wamemweka kwenye kiti bandia huko Changchun. Alimchagua tena kwenye picha. Li Yuqin alikuwa na miaka 15, mtoto wa familia maskini, na nyumbani kwao waliambiwa kuwa anakwenda kasrini kusoma. Utawala huo nao ulianguka baada ya miaka miwili, Puyi akakamatwa, na msichana akaachwa akiwa na sifa ya kuwa suria wa msaliti, sifa iliyomfungia milango ya kazi kwa miaka mingi. Alisafiri hadi gereza la Fushun kumtembelea. Kisha akaomba talaka, chini ya sheria ya ndoa ya mwaka 1950 iliyokuwa imepiga marufuku usuria wote, na mahakama ya Fushun ikamkubalia mwaka 1957. Alifanya kazi katika maktaba ya mji wa Changchun, akaolewa tena, akazaa mtoto wa kiume, akaishi hadi mwaka 2001.